Nani nyumbani mwako ana ruhusa ya kukusahihisha?

Ndugu wasomaji, Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya unyenyekevu, na najua wapo watakaofunua ukurasa upesi wakidhani kwamba hayo ni mambo ya mimbarani. Nawaomba wavumilie kidogo. Unyenyekevu ninaokusudia kuusema unahusu chungu cha jikoni, mshahara wa mwisho wa mwezi, daftari la mtoto na dawa ya mgonjwa. Ndugu zangu Waislamu wataniwia radhi nikichukua mifano yangu mingi ya leo kutoka katika Biblia. Najua nao wana mifano yao, tena mizuri, na jambo lenyewe halichagui dini.

Hebu tuanze na jambo ambalo kila mfanyakazi analijua. Mtu hapati taabu kubwa kunyenyekea mbele ya aliyemzidi cheo. Meneja akisema kwamba hesabu za jana zina kosa, karani huitika "Ndiyo, mzee," akakaa chini akazirudia. Daktari akimwambia mgonjwa apunguze chumvi, mgonjwa ataitikia kwa adabu, hata kama moyoni anaipanga supu ya jioni. Padri au mchungaji akikemea ulevi katika ibada, walevi huinamisha vichwa pamoja na wengine. Katika yote hayo heshima ya mtu haipungui, kwa kuwa kukosolewa na mkubwa ni jambo la kawaida katika kazi na katika ibada.

Mambo hubadilika kosa linapoonwa na mtu wa chini: mke, mtoto, mdogo wetu wa mwisho, binti wa kazi, au kijana aliyeanza kazi juzi na bado hajajua hata choo kiko wapi. Hapo ndipo utakapomwona mtu yule yule aliyekuwa mpole asubuhi amekuwa simba jioni. "Wewe ni nani hata unifundishe mimi?" Swali hilo limezima maneno mengi ya kweli katika nyumba zetu, na mengine kati ya maneno hayo yangaliweza kuokoa fedha, ndoa, hata uhai.

Kwa hiyo, nikiulizwa kipimo cha unyenyekevu ni kipi, nitajibu kwamba tutazame nani ana ruhusa ya kumsahihisha mtu huyo. Ikiwa wote ni wakubwa wake, basi tuseme ana nidhamu ya kazi, nayo ni sifa njema. Lakini unyenyekevu bado hatujauona. Kiswahili kina neno zuri, msikivu, ambalo wazee wetu walilitumia kumsifu mtoto mbele ya wageni. Ajabu ni kwamba mtoto huyo akishakua, akaoa na kupata kazi, hakuna tena amsifuye kwa usikivu, kana kwamba masikio nayo hung'oka pamoja na meno ya utoto.

Wale wasomao Agano la Kale wanakijua kisa cha Naamani, kilichomo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Aghalabu husimuliwa kuwa kisa cha uponyaji, na ndivyo kilivyo. Lakini kisomeni tena mkitazama ni akina nani waliosema maneno ya maana ndani yake.

Naamani alikuwa jemadari wa majeshi ya mfalme wa Shamu, mtu mwenye sifa za ushindi, naye alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo msichana mdogo aliyetekwa katika nchi ya Israeli, akawa mtumishi wa mke wa jemadari. Jina lake halikuandikwa. Huyo ndiye aliyemwambia bibi yake kwamba huko Samaria yuko nabii awezaye kumponya bwana. Hebu tumpime msichana huyu kwa mizani ya dunia: mtoto, mwanamke, mgeni, mateka, mtumishi. Hakuna ngazi ya chini kuliko hiyo. Hata hivyo habari yake ilitoka kwa bibi ikafika kwa bwana, na kwa bwana ikafika kwa mfalme, wala hatusomi kwamba yuko aliyesema kuwa hayo ni maneno ya kitoto. Kwa jambo hilo moja, nyumba ile ya mpagani ilizizidi nyumba nyingi za Kikristo ninazozijua.

Lakini Naamani mwenyewe alikuwa bado hajamaliza masomo. Alifunga safari na farasi na magari, na fedha na dhahabu na mavazi ya kutoa zawadi, akasimama mlangoni pa nabii Elisha. Nabii hakutoka hata kumwona. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara 7 katika mto wa Yordani. Jemadari akawaka hasira. Alitazamia kwamba nabii atatoka, atasimama, ataita jina la Mungu wake na kupunga mkono. Yaani alitazamia tiba inayolingana na cheo. Tena kwao Dameski kulikuwa na mito miwili, Abana na Farpari, aliyoiona kuwa bora kuliko maji yote ya Israeli. Akageuka aende zake, na ukoma wake ungali mwilini.

Waliomrudisha ni watumishi wake. Walimwendea, wakamwita baba, wakamwuliza kwa upole: kama nabii angalimwagiza jambo zito, je, asingalilifanya? Sasa inakuwaje ashindwe na jambo jepesi la kuoga? Mimi kila nisomapo kisa hiki huwawaza watumishi wale kuliko ninavyomwaza nabii. Kumwambia bwana aliyekasirika kwamba amekosea, naye ana upanga kiunoni, si kazi ya mchezo. Lazima walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba bwana huyu, pamoja na hasira zake, husikia. Naye alisikia, akashuka mtoni.

Sasa tuiache Samaria, tuje katika nyumba zetu za mijini. Nyumba nyingi ambamo baba na mama wote wanafanya kazi zina binti aliyeletwa kutoka kijijini kulea watoto. Binti huyo hukaa na mtoto mchanga tangu alfajiri mama anapowahi basi, hadi jioni anaporudi akiwa amechoka na foleni. Siku moja binti anasema, "Mama, mtoto ameharisha tangu asubuhi, na tangu saa sita nepi yake haijalowa mkojo." Mama ana cheti cha chuo, na binti labda hakulimaliza darasa la saba. Lakini kati yao wawili, ni nani aliyeiona nepi?

Kila mhudumu wa zahanati atawaambieni kwamba kukosa mkojo kwa saa nyingi, kinywa kukauka, macho kudidimia, kulia bila machozi, na utosi wa mtoto mchanga kubonyea, ni dalili za kuishiwa na maji mwilini, na kwamba mtoto mdogo katika hali hiyo apewe upesi ule mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa katika pakiti, aendelee kunyonya, na apelekwe kwa mganga bila kungoja kuche. Binti wa kazi hajui majina ya mambo hayo, ila macho yake yameyaona. Ikiwa amezoea kusikilizwa, atasema mara tu mama aingiapo mlangoni. Ikiwa amezoea kukaripiwa kila afunguapo kinywa, kwamba sufuria haikusuguliwa vizuri na kwamba yeye ni mshamba, basi atanyamaza angoje mama aone mwenyewe. Na mama ataona, lakini huenda ikawa saa nane za usiku. Hivi ndivyo kiburi kinavyotuadhibu: watu hawabishani nasi tena, huacha tu kutuambia.

Sisi Watanzania tulipata kuliona jambo hili kwa ukubwa wa taifa zima, na nasikitika kwamba vijana wetu hawasimuliwi vya kutosha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zilichaguliwa kuanza kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, kisha kazi ikaenea nchi nzima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, katika majengo ya ibada, katika ofisi za Chama, na viwandani kwa ajili ya wafanyakazi. Walimu wenye taaluma hawakutosha, kwa hiyo wengi wa waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliomaliza darasa la saba.

Fikirini maana yake. Mzee wa miaka 50, mwenye ng'ombe na wajukuu, akaketi kwenye benchi mbele ya kijana aliyemwona akitambaa. Mzee wa kanisa ambaye kwa miaka mingi alizikariri aya kwa kichwa akisikia wengine wakisoma, sasa alishika chaki mkono ukitetemeka, na binti wa jirani akamwambia kwamba ameigeuza herufi. Jioni nyumbani, mtoto wa shule ndiye aliyemshika baba mkono kumwonyesha jinsi ya kuandika jina lake mwenyewe. Wako waliokataa fedheha hiyo. Katika madarasa mengi wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na mimi nadhani sababu moja ni kwamba mwanamume aliogopa kukosea mbele ya mkewe. Lakini mamilioni walikubali. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanywa Agosti 1975, na hesabu ikashuka hadi asilimia 39. Ilipofika mwaka 1986 ilikuwa karibu asilimia 10.

Pamoja na kusoma, yalikuja mafunzo ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani kando ya nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nani asiyejua kwamba kuambiwa na redio namna ya kuchimba choo chako mwenyewe ni jambo linaloweza kumwudhi mtu mzima? Watu walimeza udhia huo, wakachimba.

Mambo hayo yana upande wa pili pia. Baadaye vitabu na magazeti ya vijijini yakapungua, madarasa yakafungwa, na wengi waliokuwa wamejua kusoma wakasahau. Wapo pia watoto waliokua bila kupata shule ya kutosha. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha tena kwamba takriban watu 3 kati ya kila watu wazima 10 hawakujua kusoma na kuandika. Mtu aliyefundishwa zamani, akaridhika na cheti chake kilichofungiwa kabatini, hurudi nyuma bila kujua. Hali kadhalika mambo ya imani. Yule aliyebatizwa na kupata kipaimara akiwa na miaka 14, na tangu hapo hakujifunza lingine, anaingia katika ndoa, ulezi, misiba na uzee akiwa na elimu ya dini ya mtoto wa miaka 14.

Siku hizi somo limehama kutoka ubaoni hadi kwenye simu. Mzee aliyestaafu ameshika simu yake, na ndani ya simu hiyo kimo kiinua mgongo chake, au sehemu yake. Unaingia ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, unaosema ile pesa aitume kwenye namba hii. Mjukuu wa miaka 12 anasema, "Babu, hao ni matapeli, usitume." Yule babu aliyezoea kujibu kwamba watoto wa siku hizi wanajifanya kujua kila kitu, ndiye atakayekwenda kesho yake kituo cha polisi kutoa maelezo.

Tugeukie sasa mume na mke, ambako nadhani kazi ni ngumu kuliko kote.

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamesikia habari za ule Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, ukapata nguvu katika miaka ya 1930, kisha ukaingia Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho walijulikana kwa kuungama mbele ya wenzao, kulipa madeni yaliyosahauliwa na kurudisha vitu vilivyoibwa. Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye alipata kuwa mwalimu wa shule huko Dodoma, na kuanzia mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, alilazimika kuikimbia serikali ya Idi Amin. Huyu alikuwa mhubiri ambaye maelfu walikuja kumsikiliza. Basi alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba siku moja alikosana na mkewe, Mera, naye alikuwa karibu kutoka kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Roho akimwagiza arudi kwanza, apatane na mkewe, waombe pamoja. Akajitetea: zimebaki dakika chache, watu wanamngoja, atatengeneza na mkewe baada ya mahubiri. Akasikia jibu kwamba vyema, aende yeye akahubiri, Roho atabaki nyumbani na mkewe.

Mhubiri gani atathubutu kuifungua Biblia mbele ya watu baada ya jibu hilo? Askofu alicheka mwenyewe akikisimulia kisa hicho, na wasikilizaji wakacheka, lakini nadhani wanaume wengi walirudi nyumbani wakiwa kimya. Tazameni kwamba hakukosolewa juu ya mahubiri yake. Huenda mahubiri yalikuwa safi kabisa. Alikosolewa juu ya mtu mmoja aliyemwacha nyumbani na uchungu moyoni.

Hapa hapana budi niseme neno juu ya namna tunavyosoma Maandiko. Mara ngapi mmesikia katika usuluhishi wa ndoa mume akiushika mstari wa 22 wa sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, ule uwaambiao wanawake wawatii waume zao? Mara nyingi, bila shaka. Na mara ngapi mmemsikia akianzia mstari wa 21, ambao unawataka Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao? Kadhalika baba hujua kwa kichwa kwamba watoto wameagizwa kuwatii wazazi, lakini mistari michache mbele yake Paulo anawageukia akina baba wenyewe na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao. Nusu moja tumeikariri, nusu nyingine tumeiacha kwa wasomi.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme pia lile ambalo wengine wataona kuwa kali. Unyenyekevu umekuwa ukitumiwa kuwa fimbo. Mke aliyevimba jicho huambiwa na wazee, pengine wa kanisa, kwamba arudi nyumbani awe mnyenyekevu zaidi. Hilo silo jambo tunalolizungumza hapa, wala silikubali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Katika nyumba ya namna hiyo anayekosa kufundishika ni mwenye ngumi, na masomo yangeanza kwake. Kumhubiria unyenyekevu aliyepigwa, na kumwacha aliyepiga akinywa chai sebuleni, ni kuipindua dini.

Mambo ya kila siku kwa kawaida si mazito hivyo. Ni bei ya sembe. Baba ameacha shilingi zile zile alizokuwa akiacha mwaka juzi, na mama anajaribu kumweleza kwamba sokoni mambo yamebadilika. Baba mwenye kufundishika atafanya jambo moja jepesi: Jumamosi atachukua kikapu aende sokoni mwenyewe. Nawahakikishieni kwamba kilo mbili za unga, fungu la nyanya na chupa ya mafuta vitamfundisha uchumi upesi kuliko mabishano ya mwezi mzima. Naye mama, kwa upande wake, akubali kuonyeshwa karatasi ya mshahara na makato yake yote, bima, mkopo na michango, kabla ya kuamini kwamba fedha nyingine zimefichwa kwa mwanamke wa pili.

Na wazazi waombe radhi kwa watoto wao. Najua wapo wasemao kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi atakuwa amejishusha, na mtoto atapanda kichwani. Mimi sijaona hivyo. Mtoto aliyechapwa kwa kosa la ndugu yake anajua kwamba hakukosa; anajua pia kwamba baba sasa amekwisha kuujua ukweli. Anangoja tu kuona kama baba atasema. Baba akinyamaza, mtoto anajifunza kwamba ukweli ni kitu cha wadogo, na wakubwa hawauhitaji.

Lakini wanaosahihisha nao wana wajibu wao. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, kuna Apolo, Myahudi wa Aleksandria, msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, aliyefika Efeso akifundisha kwa bidii ilhali alijua ubatizo wa Yohana tu. Katika sinagogi walikuwamo Prisila na Akila, mke na mume ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema. Wafanyakazi wa mikono, kama wengi wenu. Walisikia kwamba kuna pengo katika mafundisho yake. Hawakusimama kumkatiza mbele ya watu, wala hawakwenda kumsengenya. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mwanachuoni akaketi mbele ya washona mahema, mmoja wao mwanamke, akajifunza. Na alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha.

Basi mke akitaka kumsahihisha mumewe, mbele ya shemeji zake si mahali pake. Kijana aliyetoka chuoni, akisikia baba anakosea jina la ugonjwa au la nchi, asimcheke mbele ya wageni, aseme baadaye, "Samahani baba, nadhani ni hivi." Mtoto hapungukiwi na haki kwa kutanguliza shikamoo. Na bosi amwite karani pembeni. Mtu akiaibishwa hadharani masikio yake huziba, hata kama lililosemwa ni kweli tupu, na hapo lawama wagawane wote wawili.

Wapo pia wanaochanganya kufundishika na kumeza kila kitu. Siku hizi, kwa wingi wa wahubiri katika miji yetu, wako watu wanyofu walioambiwa watoe akiba yao yote, au waache dawa za hospitali, nao wakatii wakidhani kwamba kuuliza ni kiburi. Sivyo. Watu wa Beroya, tunaosoma habari zao katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho cha Matendo, walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko kuona kama aliyosema ndivyo yalivyo. Na mwandishi anawasifu kwa hilo.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mzee ambaye, kwa maoni yangu, aliyashika mambo haya yote mawili kwa pamoja. Kimani Maruge alikuwa mmoja wa wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Utotoni hakupata shule. Serikali ya Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, alisikia kwamba elimu ni bure kwa wote, naye akachukua neno "wote" kama lilivyotamkwa. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa sare yenye kaptula na soksi ndefu, akaketi pamoja na watoto wa miaka 6. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa mjukuu wake. Alipoulizwa anatafuta nini, miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na shaka kama mhubiri anaifuata sawasawa.

Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila karo. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimwondoa nyumbani kwake, akaishi katika kambi ya waliopoteza makao, kisha akahamia Nairobi, na huko nako akajiandikisha shule. Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akachukua jina la Stephen. Agosti ya mwaka huo akafariki dunia kwa ugonjwa wa saratani. Alikuwa na wajukuu 30, na wawili kati yao walisoma katika shule ile ile ya Eldoret alimosoma babu yao.